Miwani ya Mfadhili

Gwarama nzima inajua kwamba Mzee Venanti hajui kusoma. Asiyejua kwamba tunajua ni yeye peke yake.

Ana mashine ya kusaga, ana shamba la migomba, ana koti la Jumapili na miwani aliyoinunua mnadani Kasulu. Ukimletea karatasi, anaivua hiyo miwani na kuanza kuifuta kwa pindo la shati. Anafuta weee, mpaka unachoka kusubiri na kumsomea mwenyewe. Hapo anaitikia, "Eeh, ndivyo nilivyoona."

Mimi ni Stumai, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Handeni niliyeletwa huku na serikali. Jioni najitolea kufundisha ngumbaru, darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma. Siku nilipoomba msaada kijijini, Venanti aliwawahi wote. Mabenchi, yeye. Chaki, yeye. Ubao, yeye! Na hotuba, jamani, hotuba ndiyo haikuwa na kipimo: "Ujinga ni aibu! Mtu mzima asiyejua kusoma ni gunia la pumba!" Wanafunzi wakainamisha vichwa, mkewe Epifania akiwa miongoni mwao. Nilichemka kwa hasira. Nikamvuta kando, nikamwambia kwa adabu zangu zote, "Mzee, karibu nawe ukae, hata siku moja tu." Akacheka. "Mimi mfadhili, Mwalimu. Mfadhili hakai benchi." Loo! Mficha uchi hazai.

Siku ya kugawa vyeti, mgeni rasmi awe nani kama si yeye? Nikamkabidhi vyeti asome majina. Nilikuwa na hamu kweli ya kuona miwani ikifutwa mbele ya kijiji. Lakini mzee yule mjanja bwana. "Aliyehitimu kweli," akanguruma, "aje atafute jina lake mwenyewe!" Makofi! Watu wakaja mmoja mmoja, wakasoma, wakachukua. Epifania naye akachukua chake, akakikumbatia kifuani.

Kikabaki kimoja. Venanti akakiinua juu, maandishi yakitutazama sisi. "Na huyu yuko wapi? Mtoro! Sisi tunatoa mabenchi, yeye amelala na pombe yake!"

Midomo ya darasa zima ilianza kuchezacheza, maana msomaji mpya hasomi bila midomo. Na Niyibizi, mwanafunzi wangu ambaye hajawahi kusoma kimyakimya hata siku moja, akatoa sauti: "A-sa-nte... mfa-dhi-li... we-tu... Ve-na-nti."

Cheti kikashuka taratibu. Mzee akamtazama mkewe. Epifania hakucheka, na mimi niliyekuja na kicheko changu tayari, nikakiweka kando. Nilimwonea huruma.

"Basi," akasema mwishowe, "mwambieni huyo mtoro aje Jumatatu."

Alikuja. Akakaa nyuma kabisa, kwenye benchi alilolitoa mwenyewe. Nilipoandika herufi ya kwanza ubaoni na kumwita, akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Imeshatakata, Mzee," nikamwambia. "Soma."