Batri za Mokambo zimerudi Lubumbashi

Leo kazi imenichokesha.

Mi njo nanunuaka bintu bya kampani yetu ya telefone. Kule Mokambo rezo ya simu ilikatika, juu batri za antene zilikufa. Nilisumbuana na muuzaji mpaka akatoa za mupya. Asubuhi, Papa Ilunga, shoferi wetu, akazipeleka.

Nikamupigia muchana muzima. Haipatikane.

Jioni kamyo yake inaingia ku biro. Batri zote ziko ndani.

"Papa Ilunga, kuko nini?"

"Mama, antene sikuiona. Nilitaka kukuuliza njia, lakini kule rezo haiko. Njo nimerudi."

Papa iko na haki.

Bandugu, mungekuwa mimi, mungesema nini?

Na bantu ba Mokambo, munisamehe. Najua hii hamutaisoma.