Nyumba ya Kulaza Kikapu

Mdogo wangu alipotoroka, mama aliacha kula. Alikuwa anakaa tu jikoni, anapuliza moto ambao wala haujazimika. Baba alikuwa ameshamkubalia mzee mmoja wa ng'ombe kule Usangu amwoe. Mdogo wangu alimwona yule mzee mara moja, akaniambia, "Dada, huyo ni rika la babu. Nimshikie mgongo akikohoa mpaka lini?" Kulipokucha, kitanda kitupu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kutembea kama amebeba maji kichwani. Akatuita, akasema kwa ile sauti yake ya matangazo: "Nikijua tu aliko, siku hiyohiyo napanda gari, namrudisha." Na angefanya, baba yangu namjua.

Mimi nilikuwa nauza viazi Uyole, pale malori yanaposimama. Lami ilikuwa bado mpya, mbuzi wanailalia kama mkeka. Siku moja akaja mama mmoja wa vitunguu, mfupi, sauti kama amemeza kokoto. Akawa anapapasa viazi, haniangalii. "Mdogo wako mzima. Anakula. Anashona kwa cherehani ya watu."

Nikamuuliza, wapi?

"Sikwambii. Mama yenu si anaapishwa Biblia? Basi mwache aape kweli."

Na ni kweli. Baba alikuwa anamshuku mama, anamwekea Biblia mapajani. Mama yangu na Biblia hawezi kudanganya, hata chumvi ikizidi kwenye mboga atakiri. Lakini kama hajui, anaapa roho yake nyeupe.

Yule mama akaendelea: "Mimi huku Uyole sirudi, nina mawifi wana midomo. Mkitaka kumtumia kitu, nitafutie nyumba Makambako. Kikapu kilale hapo, mimi nitakipitia. Na atakachotuma yeye kitalala hapohapo. Ila chagua, mdogo wangu. Ukikosea nyumba, umemrudisha mtoto kwa mzee wa ng'ombe."

Nikadandia lori la viazi mpaka Makambako, kikapu mkononi, kutafuta nyumba.

Nikaanza na mwenye duka. Huyo alikuwa anaongea puani: "Karibu, mama, karibu. Kikapu kinatoka wapi? Kinakwenda kwa nani? Huyo nani ni nani yako? Ameolewa?" Sijakaa vizuri, kidole chake kimeshaingia chini ya kifuniko. Nikabeba kikapu changu.

Nikaenda kwa katekista. Mtu mwema kabisa, nyumba imefagiliwa mpaka nyuma ya choo. Akafumba macho: "Tuuutakiombea hiki kikapu, dada yangu. Jumapili. Mbele ya waaaumini wote." Nikamwacha hajafika amina.

Nimechoka, nina kiu, nikaingia kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mwenye kilabu alikuwa mama mnene, anaongea kama kila neno analinunua. Ukutani pake kulikuwa na vikapu vimepangana, vya wanawake wa sokoni, vya wasafiri, sijui vya nani. Nikamwambia nataka kulaza kikapu.

"Weka pale."

"Hutaki kujua ni cha nani?"

"Nikijua, ulanzi utaongezeka?"

Nikiwa bado nakunywa maji, akaingia balozi wa nyumba kumi, kifua mbele. "Mama, mgeni huyu ni nani? Na hivi vikapu ni vya akina nani?"

Yule mama hata hakugeuka. "Balozi, kiti kile pale. Ukitaka kunywa, kaa. Ukitaka vikapu, kasuke."

Watu wakacheka, balozi akakaa. Nikasema moyoni, nyumba ni hii. Chetu kitapotelea humo kwenye vikapu vya watu, na mzee wa kanisa hawezi kukanyaga kilabuni.

Mama yangu kusikia, akashika mdomo. "Maharage ya mwanangu yalale kwenye pombe?" Akakaa, akafikiri. "Basi yafunge vizuri, yasinuke."

Mambo yakaenda. Maharage yanakwenda, kinarudi kitambaa, kinarudi kilemba cha mama. Mama akaanza kula. Baba anamwapisha, mama anaapa, tena anaongeza na zaburi.

Tatizo ni malezi yetu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na hakirudi kibovu. Kikapu chetu cha mianzi kilikuwa kimechoka na maharage, kikatoboka. Mdogo wangu angekishona tu na kamba. Hapana. Mtoto amelelewa, akanunua kipya, akatia blauzi ya mama, akakituma.

Baba akaingia jikoni kuota moto. Akakiona. Akakigeuza juu chini. Cha nyasi za milulu, kimebanwa hata maji yangeomba ruhusa kupita.

"Hiki ni cha Iringa," akasema.

Tulikuwa tumeficha jina, tumeficha njia, tumemwachia mama Biblia yake. Kikapu hakuna aliyekiapisha.

Akanigeukia mimi. Kimepitia wapi? Nikasema kilabuni, Makambako, nikijua hapo atakoma. Akachukua kofia yake, na lile koti lake zito ambalo hata mvua alikuwa hapendi ilishike. "Twende."

Pale kilabuni alisimama mlangoni mpaka walevi wakanyamaza. Halafu akaingia, akakaa ukingoni mwa benchi kama benchi lina moto, kofia goti hili, kikapu goti lile. Mwenye kilabu akaniangalia kama anaangalia nguzo.

"Mzee, kikombe kikubwa au kidogo?"

"Sinywi. Nani alileta kikapu hiki?"

"Mimi napokea vikapu. Watu siwapokei."

"Namtafuta mwanangu."

"Simjui mwanao." Na hakuwa anadanganya, hakumjua.

"Basi anayekipitia ni nani?"

"Mzee, nikikwambia wewe ya watu, na yako nitawaambia watu. Unataka?"

Baba akaangalia wale walevi. Mmoja alikuwa anaimba besi kwenye kwaya yetu, amejificha nyuma ya kikombe. Nilikuwa nahesabu kuwa sasa atapanda gari la Iringa, atafute cherehani moja moja. Akainuka, akakiweka kikapu ukutani.

"Kirudi kilikotoka."

"Kwenu kikapu cha mtu kinarudi kitupu?" yule mama akauliza.

Baba akasimama. Akavua koti. Akalikunja polepole, kama anakunja kitambaa cha meza ya Bwana, akalitia ndani. "Iringa kuna baridi," akasema. Uyole baridi inazidi Iringa mbali.

"Nimwambie nini anayepita?"

"Usimwambie kitu." Alipofika mlangoni akageuka. "Mwambie tu, yule mzee wa Usangu nitaongea naye mimi mwenyewe."

Kurudi tulipanda lori la wazi. Alitetemeka mpaka Uyole, nikimpa kanga yangu anasema, "Sina baridi."

Yule mzee wa ng'ombe alipata mke mwingine, akanenepa. Koti lilirudi limetiwa bitana mpya, vifungo vyote, na karanga mfukoni. Baba alizila peke yake, moja moja, anatugeuzia mgongo. Tangu hapo kikapu kikijaa, nikitaka kukipeleka, ananiambia kwa ile sauti ya matangazo: "Wewe kaa na viazi vyako. Kilabuni nitakwenda mimi."