Tochi Iliyojifunza Kusalimia

Siku ambayo nyanya yangu, kukhu, aliikataa tochi yangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa kijana, fundi wa redio na simu pale Amalemba, na tochi za LED ndio kwanza zilikuwa zimeanza kujaa madukani. Nikamnunulia moja kali sana, nikaipeleka kwake Iguhu kichwa kimenivimba kidogo. Kukhu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Jikoni kwake kulikuwa nje, ng'ambo ya ua, na mlangoni palikuwa na kizingiti cha mawe ambacho kilishamwangusha mara moja.

Giza lilipoingia nikammulikia njia. Akafumba macho, akasimama papo hapo, mkono ukutani.

“Zima, mjukuu wangu. Hii tochi yako inaniuliza kitambulisho kama polisi.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akapita gizani akipapasa ukuta, akisema heri giza alilolizoea. Mwanangu, niliogopa. Mzee wa umri ule akivunjika nyonga huenda asiinuke tena, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwahidi mama kwamba nitamwangalia.

Kesho yake nikarudi na tochi kazini. Nikatoa swichi yake, nikaweka nyingine ya redio mbovu, yenye hatua mbili. Kwenye hatua moja nikalehemu rezista, kile kidude kidogo kinachobana umeme, ili taa iwake hafifu. Nilifanya kazi hiyo nikipiga mluzi, najiona fundi kwelikweli.

Nikampelekea. Kusukuma swichi, mwanga mkali. Kusukuma tena, ndio ukapungua. Kukhu alikuwa ameshafumba macho.

“Kwani wewe ukienda kwa watu unaanzanga na kelele, halafu ndio unasalimia?”

Nikaigeuza ile tochi mkononi. Mwanga wa chini nilikuwa nimeuweka, lakini nyuma ya ule uliomuumiza. Nikaketi kwenye kigoda, nikapasha msumari moto jikoni kwa kukosa chuma cha kulehemia, nikaungua kidole, nikabadilisha nyaya mbili tu. Hafifu ikatangulia, kali ikamngoja anayeitaka.

Jioni hiyo akaiwasha mwenyewe. Mwanga ukatambaa chini kama wa kibatari, ukakionyesha kizingiti. Kukhu akainua mguu, akavuka, macho wazi. Nilisikia raha ambayo hata leo nikiisimulia inanirudia.

“Sasa imesalimia,” akasema, kisha akaniita nile obusuma, ugali wetu, kabla haujapoa.

Nakuambia haya kwa sababu wiki ijayo unaanza kusimamia wakata miwa, na wengine wao ni rika langu. Akili unayo, sauti unayo, na mara nyingi ukweli utakuwa upande wako. Sikukatazi ukali, hatua yake ipo kwenye swichi, na iko siku utaihitaji. Lakini usianze nao. Mtu ukimmulika usoni hakuoni wewe, wala haioni njia unayomwonyesha. Anza chini. Msalimie, umuulize ameamkaje, umngoje ajibu, halafu ongeza ikiwa kuna haja.

Nenda salama, mwanangu, Mungu akutangulie katika kazi hiyo. Na kila mahali utakapoingia, akujalie watu wakupokee macho wazi.