Pilipili kwenye Uzio wa Dobi

Mama Kidosho alikuwa dobi, na aliamini dobi hana adui zaidi ya mvua. Aliamini hivyo mpaka mbwa walipoanza kuja.

Walikuwa watatu. Wawili hawakuwa na kwao, mbavu nje nje. Wa tatu alikuwa Karani, mbwa wa Bibi Miwani wa nyumba ya jirani, mzee mwenye doa jeupe shingoni kama kola ya shati la ofisini. Walipenya chini ya uzio wa mabati, pale udongo ulipolika, wakajipitisha katikati ya kamba za nguo kana kwamba wamealikwa. Siku ya kwanza walikanyaga shuka mbili. Siku ya pili waliburuta koti jeupe la muuguzi mpaka kwenye mfereji wa maji machafu. Muuguzi alilitazama, akalikunja, akaondoka bila neno, na hakuleta nguo tena. Afadhali angetukana.

Mama Kidosho akatafuta wa kumlaumu, na wa karibu alikuwa Bibi Miwani. Alimkuta bombani asubuhi, foleni imejaa.

"Bibi, mfunge mbwa wako! Ananiharibia kazi."

"Karani? Mwanangu, Karani hana hata meno ya kuvutia leso."

"Basi anavutia kwa ufizi! Kama huna nguvu za kumfunga, usifuge. Mtu mzima hovyo!"

Maneno yalipotoka, foleni nzima ikageuka. Bibi Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena.

Na huyu ndiye bibi aliyekuwa akimchukua Kidosho kila asubuhi, kwa sababu mtoto anayetambaa na pasi ya mkaa havikai chumba kimoja. Kesho yake hakuja kumchukua. Mama Kidosho alipiga pasi mtoto akiwa mgongoni, jasho likimdondokea juu ya kola za watu, na kila hatua iliyopita nje alidhani ni yake Bibi.

Fundi viatu wa pembeni alimwonea huruma. "Nikupe dawa ya panya? Changanya na utumbo kidogo tu, kesho wote watatu wamelala kimoja."

"Toa balaa lako hapa. Mimi nina mtoto."

Akajiona ana huruma kuliko fundi. Akachukua pilipili kavu, akazitwanga mpaka akapiga chafya, akaunyunyiza unga wake kando ya uzio wote, na pale kwenye tundu akaweka konzi mbili.

Mchana, akiwa na kibanio cha nguo mdomoni, akasikia mlio. Haukuwa wa kubweka. Ulikuwa kama wa mtoto aliyebanwa na mlango. Alipochungulia juu ya mabati, alimwona Karani anasugua uso chini, anazunguka, anajigonga ukutani. Bibi Miwani alikuwa akikimbia na kopo la maji, na nusu ya maji ilikuwa imeshamwagika njiani. Bwana mifugo, aliyekuwa akipita na baiskeli yake, akaiegemeza mlangoni akaingia.

"Jirani," Bibi aliita bila kumtazama, "njoo unishikie kichwa chake. Mikono yangu inatetemeka."

Akaenda. Angekataaje? Alimshika Karani kwa mikono miwili huku bwana mifugo akimimina maji safi machoni, kopo baada ya kopo. Mbwa alitetemeka, lakini hakumng'ata. Ingekuwa nafuu kama angemng'ata.

"Hii ni pilipili," bwana mifugo akasema. "Nani ameimwaga?"

Unga mwekundu ulikuwa bado chini ya kucha za Mama Kidosho. Akakunja vidole.

"Nani ajuaye," Bibi akajibu taratibu. "Vitoto vya mtaani, labda."

Uongo ule ukapita mbele ya Mama Kidosho na yeye akausogezea njia.

Bwana mifugo alikuwa sasa anakwangua ndevu za mbwa kwa ukucha. Kulikuwa na kitu cheupe kimegandia pale kama gundi. Akakisugua kati ya vidole, akanusa. "Wanga huu. Na una mafuta. Huyu mzee anakula wapi uji wa nguo?"

Hapo Mama Kidosho akaikumbuka sufuria yake. Mama yake, aliyekuwa dobi kabla yake, ndiye aliyemfundisha: ukipika uji wa wanga wa kukazia nguo, tia kipande cha shahamu ya ng'ombe, pasi iteleze na kola ing'ae. Kila siku alipika hivyo. Na kila siku makombo ya sufuria aliyamwaga palepale chini ya uzio, kwenye tundu. Udongo ule haukulika wenyewe. Mbwa waliuchimba wakiramba. Siku zote hizo alikuwa anawaandalia, kisha anawalaani kwa kuja.

"Mbwa haji bure," bwana mifugo alisema akifunga mkoba wake. "Ondoa kinachomwita, ziba pa kupita, utamsahau. Pilipili haifukuzi njaa, inaunguza macho tu. Na mtaa huu si una watoto wanaotambaa?"

Kidosho alikuwa mgongoni mwa mama yake, ananyonya vidole. Mama Kidosho akaaga haraka kama mtu aliyesahau jiko.

Jioni ile alikokota mawe, akayapanga kwenye tundu na kuyaziba kwa udongo wa mfinyanzi, akafagia pilipili yote na kuifukia. Makombo ya wanga akayatia kwenye ndoo yenye kifuniko, akayamwaga chooni. Kazi ilimalizika mapema, lakini ile ya pili, ya kuomba radhi, ndiyo ilikuwa haisogei. Mwishowe akabisha hodi kwa jirani.

"Bibi, pilipili ni yangu."

"Najua. Niliona kucha zako."

"Sasa mbona ulinificha?"

"Sikukuficha. Nilikuachia nafasi ya kusema mwenyewe." Bibi alikuwa anamkanda Karani macho kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. "Hukusema."

"Naomba unisamehe, Bibi. Na wanga ni wangu, mimi ndiye niliyekuwa nawaita."

"Mama Kidosho, humu ndani hakuna mtu aliyenitukana. Nilitukaniwa bombani."

Mama Kidosho hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda na ndoo yake, mtoto mgongoni. Foleni ilikuwa ileile, na Bibi Miwani alikuwa wa nne, Karani amelala miguuni pake, jicho moja bado limevimba.

"Jamani," Mama Kidosho akasema, akaitua ndoo chini. "Juzi nilimtukana Bibi hapa. Mbwa walikuwa wanakuja kwa ajili ya wanga wangu, nilikuwa naumwaga uzioni na shahamu yake. Na pilipili iliyomwunguza Karani niliweka mimi. Bibi hakuwa na kosa lolote."

Muuza mkaa ndiye aliyecheka wa kwanza. "Kumbe umefungua hoteli, halafu unafukuza wateja!"

Wote wakaangua kicheko. Mama Kidosho alitazama vidole vya miguu yake, akawaacha wacheke mpaka wachoke. Bibi Miwani hakucheka.

"Nimesikia," akasema. Akasogea, akafungua fundo la khanga kifuani mwa yule dobi, akamtoa Kidosho na kumweka kwenye nyonga yake mwenyewe. "Mkaa wako utakuwa majivu. Nenda kapige pasi."

Mama Kidosho akainama kumpapasa Karani. Mbwa akainuka polepole, akazunguka, akaenda kulala upande wa pili wa Bibi.