Upande wa Josaphat

Musinicheke. Ile siku miye ndiye niliharibu, na ni miye mwenyewe nitaeleza, juu wengine ku marché, pale sokoni, wameshaongeza chumvi yao mingi sana.

Ninaitwa Honorine, ninauzisha sombe, majani ya muhogo, hapa Bunia. Pembeni yangu anaikala rafiki yangu Dorothée, munoaji. Visu ya wabucha, makasi ya washonaji, majembe, yote inapita mu mikono yake. Dorothée iko na tupa moja, mukaba ya ngozi ya zamani, na jiwe. Lakini ile jiwe, ee Mungu wangu! Nyeusi, nzito, ukiibeba mara moja kiuno inakukumbusha wiki muzima.

Alitoka nayo ku kijiji ya Bule, wakati watu walikuwa wanakimbia vita. Wengine walibeba matela ya kulalia, wengine mbuzi. Dorothée alifunga jiwe mu kitenge ku mugongo, akamushika binti yake Priscille ku mukono, akatembea. Mu njia mama moja akamusifu: "Mutoto wako analala muzuri, hata halii!" Dorothée akamujibu: "Ee, amefanana na baba yake." Mpaka leo akinielezea ile, tunacheka mpaka machozi inatoka.

Huyo baba ni Josaphat, bwana yake, fundi wa chuma. Ugonjwa ilimuchukua mwaka moja mbele ya vita. Jiwe ilikuwa yake. Juu ya jiwe, ni fasi Dorothée anafanyia kazi kila siku. Lakini chini, hapana kugusa! Siku moja nilitaka kuigeuza tu sababu ilikuwa inayumba, akanipigia kelele: "Honorine, acha! Ule ni upande wa Josaphat!" Nikachungulia. Kulikuwa mufereji mudogo, urefu ya kidole, laini kabisa. Josaphat aliuchimba pole pole kwa kunoa mishale ya wawindaji maisha yake yote. Tangu alikufa, Dorothée hakuweka hata tone ya maji pale.

Sasa sikieni. Priscille amekomaa, anashona, na iko na muchumba, Aimé, kijana wa Gety, mupole, hana makelele. Lakini matata ni baba ya Aimé. Muzee Étienne anawinda simbiliki, ile panya kubwa za majani zenye kumaliza mahindi ya watu, na anawinda na mishale tu, mitego anaidharau. Siku moja akakuja kwa Dorothée, ku nyumba yake kule Mudzi-Pela. Akakunywa chai, akaangalia nyumba, akasema: "Mama, binti yako sina mubaya naye. Lakini ndoa ni maneno ya baba na baba. Hapa nitaongea na nani?"

Akasimama, akaenda. Dorothée hana kaka, hana shemeji, watu wa kwao wote walitawanyika. Priscille akapita siku tatu bila kula. Na miye? Nilikasirika kabisa! Kama ule muzee angepita karibu na kinu yangu ya sombe, ningemuponda na yeye.

 Siku ya ine Dorothée akamuita Aimé. "Mwambie baba yako akuje ku marché jumamosi. Alete mishale sita, ile yenye kumushinda kunoa. Ataongea na bwana yangu."

Aimé akaniangalia miye, akamuangalia yeye. "Mama... lakini baba ya Priscille si alikufa?"

"Weye lete mishale."

Jumamosi, marché ilikuwa imejaa mpaka fasi ya kuweka muguu hakuna. Habari ilikuwa imetembea, na nani aliitembeza? Ni miye, ninakubali. Muzee Étienne akafika na kofia yake, mishale imefungwa pamoja. Akaomba sufuria, akakata mupira ya ndani ya baiskeli, akaivuta juu ya kinywa ya sufuria, akaifunga nguvu, ikawa kama ngoma.

"Mama," akasema, "simbiliki iko na ngozi yenye kuteleza, mushale butu inamusukuma tu. Nitaweka mushale hapa, nitasukuma na kidole moja. Ikipita, ni makali. Mupira ikiinama tu, haina makali. Ninataka sita juu ya sita. Saa sita gari ya Gety inaondoka, na miye ninaondoka nayo."

"Na zikipita zote?" nikauliza. Hakuna mutu aliniuliza, lakini niliuliza.

"Nitajua hii nyumba iko na mutu wa kuongea naye."

Dorothée akachukua mushale ya kwanza. Watu wote wakangojea aangalie chuma. Hapana! Akageuza mukia, akaangalia manyoya. "Manyoya inapinda kuume," akasema polepole. "Mushale inazunguka kuume. Basi nitanoa upande moja tu, chuma izunguke pamoja nayo, isishindane nayo." Muzee alikuwa anatafuna kijiti mu meno. Kijiti ikasimama.

Akaanza na tupa, kusukuma mbele tu, bila kurudisha, mpaka kutu ikaisha na chuma ikaanza kuangaza. Kisha akavuta jiwe. "Honorine, maji."

Bidon ilikuwa tupu. Robinet ya maji iko mbali, na miye siku ile damu ilikuwa inachemka, sikutaka hata dakika moja ipotee! Nikaona chupa yangu ya mafuta ya mawese. Nikafikiri: mafundi wa pikipiki wanatia mafuta ku kila kitu, si ni chuma? Nikamwaga juu ya jiwe. Si kidogo. Nusu ya chupa!

"Honorine! Umefanya nini!"

Yesu wangu. Jiwe yenye kuzoea maji haipendi mafuta. Mawese iliingia mu vitundu yake vyote, ikakaa mule. Dorothée akajaribu: chuma ikateleza tu, haikuuma. Tukapangusa na majivu, tukasugua na sabuni na muchanga. Bure. Ile kuisafisha inaomba siku muzima. Na saa ilikuwa tano imepita. Muzee akaangalia jua. Priscille akafunika uso na kitenge. Miye nilitaka kuingia mu gunia ya sombe, munifunge mule na kamba.

Dorothée akaweka chuma chini. Akapangusa mikono. Kisha akashika jiwe na mikono mbili, akaigeuza.

"Dada, hapana!" nikasema. "Utaumaliza ule mufereji. Utaumaliza!"

Akamuangalia binti yake. "Huu mufereji ninamuchungia nani?" akasema. "Enda, leta maji. Maji, Honorine!"

Nikakimbia! Nilipindua nyanya za watu, walinitukana, sikujali. Nikarudi na bidon muzima, nikamwaga juu ya ule upande. Akaweka chuma mu mufereji wa Josaphat. Ikaingia yenyewe, na sauti ikabadilika: fyaa, fyaa, fyaa. Maji nyeusi ikaanza kushuka. Dorothée alikuwa analia na anacheka pamoja, mikono haikusimama.

Mbele ya kumaliza, akavuta chuma ku mukaba ya ngozi, huku na huku. "Kuko unywele wa chuma unabakia ku makali," akamueleza Priscille. "Kidole inadanganyika inasema ni makali. Ku nyama ule unywele unalala. Uutoe kwanza." Moja. Mbili. Mpaka sita. Jasho ilikuwa inamutoka mpaka ku shingo.

Muzee akachukua ya kwanza. Kidole moja. Tsi! Ikapita mpaka ndani ya sufuria. Watu wakahesabu na kifaransa: "Un!" Ya pili, tsi! "Deux!" Wabucha waliacha nyama na nzi, wakakuja. "Trois! Quatre! Cinq!" Sauti yangu ilikuwa imekauka. Ya sita ilikuwa ile ya zamani kuliko zote, nyembamba, kutu ilikuwa imekula nusu. Muzee akasukuma. Mupira ikainama kidogo. Nikafunga macho.

Tsi!

"SIX!" Nilirusha sombe juu, kilo nzima, sikuiokota. Vigelegele ilipasua marché. Priscille akamurukia mama yake ku shingo, karibu waanguke juu ya jiwe.

Muzee Étienne peke yake hakupiga kelele. "Nani alikufundisha kuangalia manyoya?" akauliza.

"Bwana yangu."

"Na fasi yake ya kazi iko wapi?"

Dorothée akamuonyesha mufereji. Muzee akatoa kofia. Akainama, akachutama mu matope na suruali yake ya safari. Akaweka kidole gumba mu mufereji, akaipitisha mpaka mwisho, akairudisha. Tena. Tena. Nilitaka kusema kitu, Mungu akanifunga kinywa.

Kule ku barabara gari ikapiga honi. Priscille akakaribia, na woga. "Baba," akasema, "gari ya Gety itakuacha."

"Iende," akasema muzee, bila kuinua kichwa. "Ningali ninaongea na baba yako."