Kasha la Filamu za Fabian Ouma

Watu wa Kondele walimjua Fabian Ouma kwa kazi yake ya kupiga video za mazishi, na wengi wao, ukiwauliza, wangekuambia kwamba aliifanya vibaya. Si kwamba aliharibu picha. Kosa lake ni kuzitazama nyuso kupita kiasi. Familia iliyomwita vijijini, Seme au Rarieda, kurekodi mazishi ya mzee wao ilitaka kuona msafara wa magari, kwaya ikiingia kwa mwendo wa madaha, mheshimiwa akishuka garini, na fahali aliyechinjwa. Fabian aliwaletea mjane. Uso wa mjane ulijaa kwenye kioo cha televisheni, kimya, hadi watazamaji wakaanza kujikuna.

"Bwana Ouma," mteja mmoja alimwambia, "huyu mama tunamjua, tunakula kwake kila Jumapili. Sisi tuonyeshe mheshimiwa alikaa wapi."

Mkewe Benta, aliyeshona sare za shule katika chumba hichohicho walimoishi Nyalenda, alijua ugonjwa huo wa nyuso ulikoanzia. Ulianzia Bondo. Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu cha huko, aliyeitwa Waswa, alimkodi Fabian kurekodi mahafali, na kazi ilipokwisha akamketisha mbele ya filamu bubu ya zamani kutoka Denmaki. Mwongozaji wake alikuwa mmoja wa wale ambao wajuzi wa filamu huwataja kwa sauti ya chini, kama waumini wanavyomtaja mchungaji aliyetangulia. Hakuwa na haraka mtu huyo. Aliisogeza kamera hadi kwenye uso usiopakwa poda, akaiacha hapo mpaka uso ukaishiwa na pa kujificha. Fabian alirudi nyumbani kama mtu aliyetoka kuzika.

Tangu hapo akawa mkusanyaji. Hakutaka nakala za mitaani, zenye picha inayotetemeka. Alitaka zilizorejeshwa. Alimweleza Benta jinsi kanda za awali zilivyoozea ghalani, zikaliwa na ukungu, na jinsi mafundi wa huko walivyoziokota vipande vipande na kuzisafisha picha baada ya picha, hadi mwanamke aliyekufa zamani akapepesa kope kana kwamba amesikia akiitwa. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Fabian alidai kwamba kule Denmaki ubani wake umepatikana. Diski zilikuja mojamoja kutoka ng'ambo, zikachukua miaka. Alitengeneza kasha la mbao lenye mifuo, kila diski na mfuo wake, na ya mwisho ilipofika aliipangusa kwa kitambaa cha miwani kabla ya kuitia mahali pake. Benta, aliyekuwa akitia uzi kwenye cherehani, aliwaza kwamba hakuwahi kumwona mumewe akimtazama mtu kwa upole ule, naye mwenyewe akiwemo.

Kisha figo zikamwangusha. Miguu ilivimba, ulimi ukawa na ladha ya chuma, kamera ikabaki ikining'inia ukutani. Asubuhi moja alimwomba Benta aketi.

"Lipeleke kasha Bondo kwa Waswa wakati ningali hai," alisema. "Wanafunzi wake wazitazame. Zisitenganishwe. Mimi na wewe hatukujaliwa mtoto, Benta. Hiki ndicho kitu pekee nilichokikamilisha."

Benta aliendelea kukunja shuka. Alimwelewa vizuri, na hilo ndilo lililomtisha. Kwao, anayegawa mali ya mgonjwa amekwisha kumchimbia kaburi. Na mke akifanya hivyo, ukoo utalisema jambo hilo hadi naye atakapozikwa. Aliimba katika kwaya ya kanisa, alisoma hadi kidato cha nne, na bado hofu ile ilikuwa imemkaa chini ya mbavu, mahali ambapo mahubiri hayafiki.

"Ukipona utalipeleka mwenyewe."

"Na nisipopona?"

"Usiniletee maneno hayo, yawa, jamani. Kunywa uji."

Aliunywa. Baadaye alilirudia ombi lake kwa macho tu, na Benta aligundua kwamba macho ya mtu huweza kukwepwa ukijitia shughuli. Alijitia shughuli. Fabian alifariki masika yalipoanza, nyanya za sokoni zikiwa zinaoza kwa mvua.

Siku ya kusafirisha maiti kwenda kwao, upande wa Usenge, Benta aliamua kulipa deni la ombi lile. Alilitia kasha katika sanduku la nguo za marehemu, katikati ya mashati, lisigongwe njiani. Bondo ilikuwa njiani; angemaliza mazishi, apitie kwa Waswa, amkabidhi. Haya aliyapanga mwenyewe, bila kumwambia mtu. Aliyasahau mambo mawili ambayo mwanamke wa ukoo wowote wa pale angemkumbusha: kwamba mjane hatoki katika boma kwenda kwa watu kabla taratibu zake hazijakamilika, na kwamba sanduku la nguo za marehemu likiingia nyumbani kwa ukoo si la mjane tena. Ni la wafiwa.

Basi alikuwa bado amefungiwa na msiba wakati lilipofunguliwa. Wakwe waliketi uani juu ya viti vya plastiki. Mzee Oluoch, baba mdogo wa Fabian, mtu wa haki ambaye hakuna aliyewahi kumlaumu kwa upendeleo, alitoa mashati akayagawa, kisha suruali, kisha viatu. Halafu akalitoa kasha, akalifungua, na diski zikamulika nyuso za watu kwa jua la adhuhuri. Kila mtu akasogeza kiti.

"Hizo haziguswi, Baba," Benta alisema. "Alitaka ziende Bondo, kwa mwalimu Waswa. Zote pamoja."

Mzee Oluoch alilifunga kasha kwa heshima. Neno la marehemu si jambo la mchezo. "Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Alikwambia lini, nyar Gem?" Mzee alimwita kwa kwao alikozaliwa, binti wa Gem.

"Alipokuwa mgonjwa."

"Nawe ulimjibu nini?"

Benta alifungua kinywa. Angeweza kusema uongo, na mpaka leo hajui kwa nini hakuusema. Aliangalia chini, kwenye vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano, na kimya chake kikarefuka hadi watu wakaanza kutazamana.

Lornah, dada yake Fabian, ndiye aliyekivunja. "Kwa hiyo mtu wa Bondo apate," alisema, machozi yakimtoka, "sisi damu yake tukose?"

Mzee aliamua kama alivyojua kuamua. Ombi ambalo jibu lake limefichwa si wosia. Kila mmoja wa nyumba ile atachukua moja, amkumbuke ndugu yake. Na mjane, kwa kuwa ndiye aliyelitunza, abaki na kasha. Walipokea kwa mikono miwili. Wengi wao hawakuwa na mashine ya kuzichezea, wala hawakuuliza ndani mna nini.

Benta alipoachiliwa kutoka, alimpigia Waswa simu. Mhadhiri alisikitika sana, akamwambia asijitese. Lakini alipokata simu Benta alijitesa kama kawaida: akajiuliza kama ni ukoo uliozitawanya diski zile, au ni yeye, siku ile ya uji. Jibu halikuja, ila swali lilirudi kila alipokaa kwenye cherehani.

Mtama ulipokaribia kuiva alimtembelea Lornah. Alikuwa amejiandaa barabarani kwa maneno ya unyenyekevu; angeanza na diski ya wifi yake, kisha awaendee wengine mmoja mmoja. Lornah alimpokea vizuri, akamshika mkono, akampeleka shambani, karibu na ziwa. Kwenye kijiti katikati ya mtama, diski ilining'inia kwa uzi wa nyavu, ikizunguka na kutupa miali. Upande wake mmoja mchanga wa upepo ulikuwa umeukwaruza hadi ukafifia.

"Tangu niiweke, ndege hawatui," Lornah alisema. Sauti yake ilikuwa na fahari. "Mimi huja hapa nikaiangalia tu, nikasema, omera, ndugu yangu, bado unanichungia shamba."

Benta aliitazama ikizunguka. Akajua hataiomba. Kisha aliona kwamba fundo la uzi limelegea, kwamba upepo ukizidi diski itaanguka ipotelee katika mabua. Alijinyoosha, akaishika kwa ncha za vidole, pembeni, kama Fabian alivyomfundisha, akalikaza fundo.

"Asante, nyar Gem," Lornah alisema.

Wakarudi nyumbani kula.