Kumwona Mgonjwa Bila Miadi

Niliondoka Songea kwa sababu ya theluji. Aliyechaguliwa kwanza kwenda Marekani kwa muhula mmoja, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya chuo chetu na chuo cha huko, alikuwa mwenzangu mwingine wa mwaka wa pili. Alipoonyeshwa picha za mahali penyewe, magari yamezikwa hadi madirishani, ghafla bibi yake akaanza kuumwa na yeye akawa hawezi kumwacha. Jina lililofuata kwenye orodha lilikuwa langu, Osmundi Ngonyani wa Bombambili. Bibi zangu wote wawili walikwisha fariki, kwa hiyo sikuwa na udhuru.

Masharti yalikuja kwa barua ya kurasa nyingi. Moja nililikariri: mwanafunzi atakayevunja kanuni za chuo kilichompokea atarudishwa kwao kabla muhula haujaisha. Mama alinitaka nimsomee sharti hilo mara mbili.

"Kurudi, utarudi, baba," alisema. "Ila usirudishwe. Hapa Bombambili mtu akirudishwa, hata mbuzi wa jirani wanamjua."

Alfajiri ya safari, kwenye stendi yetu ya mabasi iitwayo Shule ya Tanga, nilisindikizwa na watu wengi kuliko abiria waliokuwa ndani ya basi. Wanajumuiya wa kanisani walisali. Jirani mmoja alinivalisha koti zito la mtumba kutoka Majengo, ambalo baadaye niliambiwa kwamba ni la kike. Mama akanisukumia kwenye begi mfuko wa unga wa ulezi, maana hakuwa na hakika kama watu wa huko wanakunywa uji. Basi lilipofika Njombe nilitetemeka kidogo, nikajiambia kwamba sasa baridi nimeijua. Mungu anisamehe ujinga ule.

Uwanja wa ndege wa Marekani, mchana wa siku ya tatu. Ofisa alifungua begi langu akautoa ule mfuko kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Unga wa uji."

"Uji ni nini?"

Nilimweleza: unga, maji, moto, subira. Akamwita mwenzake, mwenzake akaita mbwa. Mbwa alinusa, akapiga chafya, akaondoka zake. Wakaandika karatasi ndefu kisha wakanirudishia unga wangu, na nadhani hakuna ulezi mwingine wa Ruvuma uliowahi kupimwa kwa heshima kiasi kile.

Chuo kilikuwa kwenye mji mdogo wa kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Wiki ya kwanza nilichelewa kila kipindi kwa sababu ya salamu. Mtu alikuwa akinipita anauliza, "Habari yako?" Mimi nasimama, naweka begi chini, naanza: njema, sijui wewe, nyumbani hawajambo? Nikiinua macho, mwenyewe yuko hatua ishirini mbele, anamuuliza mwingine. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kule habari inaulizwa ila haitakiwi.

Mwenzangu wa chumbani aliitwa Brian, kijana mpole mwenye hedifoni masikioni mchana kutwa. Siku niliyofika alinipa karatasi ya makubaliano nitie sahihi: rafu ipi ya friji ni yangu, dirisha lifunguliwe lini, nani azime taa. Nikatia sahihi, kisha nikamwambia twende tukale. Akafungua kalenda kwenye simu yake, akaivuta huku na huku kama daktari anayetafuta mshipa.

"Jumanne ya wiki ijayo," alisema, "saa sita na robo mpaka saa saba kasoro robo. Inakufaa?"

Kitanda chake na changu vilitengwa na kimeza kimoja. Nilikubali Jumanne, na siku hiyo nikala peke yangu.

Mwalimu wetu wa historia, mama wa umri kama wa mama yangu, alituambia tumwite Helen. Helen tu, bila hata Profesa. Wenzangu walimwita hivyo huku wakila pizza mbele yake, miguu juu ya kiti. Mimi ulimi ulinigoma. Kwa wiki tatu nilimwita "Samahani", mpaka tukaelewana kwamba nitamwita Mama Helen. Alicheka, lakini hakukataa. Siku moja tulipokuwa tukitoka maktaba alinyoosha kidole upande wa pili wa barabara na kusema, "Naishi pale, mlango wa bluu." Kwetu mtu akikuonyesha nyumba yake amekwisha kukaribisha, kilichobaki ni wewe kufika. Nikauweka moyoni ule mlango wa bluu.

Mwezi wa pili, asubuhi ya Alhamisi, ikaja barua pepe: Mama Helen anaumwa mapafu, hakuna kipindi mpaka wiki ijayo. Huko bwenini zilipigwa kelele za furaha kana kwamba kuna timu iliyofunga bao. Nilimgeukia Brian.

"Tunaenda saa ngapi?"

"Wapi?"

"Kumwona mwalimu. Si anaumwa?"

Brian alivua hedifoni zote mbili. Sikuwahi kuona masikio yake yote kwa pamoja.

"Osmundi, haiendwi. Mtumie picha ya ua kwenye simu."

"Ua la simu atalinywa?"

Sikuwa na muda wa kubishana. Nilikoroga uji wa ulezi kwenye jiko la pamoja, nikatia sukari na limau, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikavaa koti langu la kike na kuvuka barabara.

Saa nne asubuhi nilikuwa mbele ya mlango wa bluu. Nilipiga hodi mara tatu, kwa sauti ya mtu asiye mwizi. Pazia la jirani likasogea. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, na jicho moja la Mama Helen likanitazama.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Wewe unaumwa."

"Ndiyo."

"Nimekuja kukuona."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unaumwa."

Tulizunguka hapo kama punda wa kinu, mpaka upepo wa theluji ukamwonea huruma mmoja wetu, sijui yupi, na Mama Helen akanifungulia. Nyumba ilikuwa kubwa, yenye joto, na ndani hapakuwa na mtu mwingine hata mmoja. Juu ya meza zilisimama kadi za maua, zote zinamtakia apone haraka. Nilimmiminia uji. Nikakaa.

Baada ya muda akauliza kwa wasiwasi, "Unataka tuzungumzie alama zako?"

"Hapana."

"Sasa tufanye nini?"

"Hakuna. Wewe umwa, mimi nitakaa."

Akanywa kikombe chote na kulala palepale kwenye kochi. Nilikaa karibu saa nzima nikisikiliza pumzi yake. Nilimwonea huruma kwelikweli, maana kwetu hata mlevi wa kijiweni akiumwa hakosi mtu wa kukaa kando ya kitanda chake. Nilipoona anapumua vizuri nikaosha kikombe, nikamwachia chupa na mabaki ya uji, nikasema pole taratibu na kuondoka. Hapakuwa na mtu wa kunisindikiza, kwa hiyo nilijisindikiza mwenyewe mpaka barabarani.

Ijumaa, saa tatu, niliitwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Jirani mwenye pazia alikuwa ametoa taarifa. Ofisa, dada mwenye tabasamu lisilozimika, alinisomea kanuni: mwanafunzi haruhusiwi kufika nyumbani kwa mwalimu bila miadi ya maandishi. Kamati ingekaa Jumatatu. Ikithibitika, ningerudishwa.

Aliendelea kutabasamu. Mimi nilikuwa naliona basi linaingia Shule ya Tanga, wale wale walionisindikiza wamejipanga, na mama anashika leso bila kuuliza kitu. Jumamosi na Jumapili sikula vizuri. Brian alijitahidi, alinipa nafasi kwenye kalenda yake Jumamosi hiyo hiyo.

Jumatatu, chumba cha kamati. Watu watatu, kila mmoja na chupa yake ya maji.

"Mwalimu alikualika?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana. Mgonjwa hawezi kualika, anaumwa."

"Ulimjulisha kwamba unakwenda?"

"Nilipiga hodi."

Yule wa kulia aliomba herufi za hodi ili aandike. Mwenyekiti akauliza kama kulikuwa na dharura yoyote.

Hapo hasira ikanipanda, nami nikasema bila kupima. "Mama mzima anaumwa mapafu peke yake katika nyumba ya vyumba vitano, na kadi kumi na moja za maua zinamtazama. Kama hiyo si dharura, sijui ninyi mnaita nini dharura. Kwetu ningeshtakiwa kwa kutokwenda."

Nilisema nikajua nimejifukuza mwenyewe. Ndipo mlango ukafunguliwa, Mama Helen akaingia amejifunga skafu mpaka puani, na chupa yangu ya chai mkononi.

"Nimefundisha hapa maisha yangu yote," alisema, sauti inakwaruza. "Nimeumwa mara nyingi, na kila mara nimeletewa kadi. Huyu ndiye wa kwanza aliyeosha kikombe."

Akaweka chupa mezani, akakohoa, akakaa karibu nami. Kamati ilinong'onezana, kisha ikanipa onyo la maandishi na somo la saa mbili kuhusu mipaka ya mtu binafsi. Nilibaki. Nililia chooni, siwafichi.

Mwezi uliofuata chuo kilizindua mpango wa kuwatembelea wagonjwa, na picha yangu kwenye tangazo. Mgonjwa alitakiwa kujaza fomu siku mbili kabla ya kutembelewa, mgeni asizidishe dakika kumi na tano, na uji usiletwe bila orodha ya viungo. Mpaka naondoka hakuna mgonjwa aliyejiandikisha.

Kurudi. Muhula uliisha, nikarudi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi. Mama alinipokea stendi, akanikagua mbele na nyuma, akawaambia watu kwa sauti, "Huyu amerudi. Hakurudishwa." Wiki ya pili malaria ikaniangusha. Nikamwandikia Mama Helen ujumbe kwamba insha yangu ya mwisho itachelewa, naumwa.

Bombambili, saa kumi jioni. Ndani ya chumba changu walikuwapo jumuiya nzima, fundi baiskeli, mwenye genge, na akina mama wawili ambao nadhani walikosea nyumba. Mwingine aliingia kila nilipofumba macho.

"Mama," nilisema, "hawa watu hawawezi kupiga simu kwanza? Wapange hata kwa zamu?"

Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akawageukia wageni. "Mnisamehe jamani. Homa imepanda, anaweweseka."

Nilitaka kufa kwa aibu. Dakika hiyo simu ikaita, simu ya video. Alikuwa Mama Helen, kwake asubuhi, amevaa koti la kwendea kazini. Hakuwa ameandika barua pepe wala kuomba nafasi.

"Hodi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuazima.

"Karibuuu!" wakaitika watu kumi na tano.

Mama aliipokea simu kwa mikono miwili, akamfukuza fundi baiskeli kwenye kiti kizuri, akaiegemeza pale. Mama Helen alinitazama, akasema pole, kisha akatulia. Dakika kumi zikapita. Ishirini.

"Mbona haongei?" mama aliniuliza kwa sauti ya chini. "Simu imekwama?"

"Haijakwama, mama. Amekuja kumwona mgonjwa."

Mama akaitika kwa kichwa, akamsogezea kikombe cha uji mbele ya kioo. Karibu saa nzima Mama Helen alikaa na sisi. Alipoaga nilinyoosha mkono nikate simu, mama akanipiga kofi mkononi.

"Mgeni anakatwa mlangoni?"

Akaichukua simu, akajitanda kanga, akatoka nayo. Nilimwona kupitia dirishani akitembea polepole, kioo kikitazama mbele, akimwonyesha nyumba ya huyu na shamba la yule, kwa Kiswahili ambacho mwenzake hakukielewa. Alimfikisha hadi kijiwe cha bodaboda. Pale akasimama, akageuka, akaniita kwa sauti mtaa mzima ukasikia:

"Osmundi! Nimeshamfikisha! Sasa nibonyeze wapi?"